Baada ya Barua ya Kukataliwa: Mwongozo kwa Ndugu Waliobaki Kizota

Tarehe 1 Februari 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu katika shauri la mama mmoja Mtanzania ambaye kumbukumbu za sheria zinamtaja kwa herufi mbili tu, ZH. Aliingia nchini humo Desemba 1995 akiwa na miaka 20. Aliomba hifadhi ya ukimbizi mara tatu, mara moja kwa jina lake na mara mbili kwa majina ya uongo, na mara zote akakataliwa. Mwaka 2001 aliomba kwa msingi wa haki za binadamu, akakataliwa. Mwaka 2004 aliomba tena, uongo wake wa zamani ukamponza. Mwaka 2006 aliwasilisha maelezo mapya, na safari hii Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza ilikubali kwamba kweli hilo ni ombi jipya, ingawa nalo ililikataa. Kukubaliwa huko ndiko kulikompa haki ya kukata rufaa, na rufaa hiyo ndiyo iliyofika mbele ya majaji watano wa mahakama ya juu kabisa. Wote watano walisema asiondolewe.

Hakushinda kwa sababu ya hatari alizodai alipoingia. Alishinda kwa sababu ya binti yake wa miaka 12 na mwanawe wa miaka 9, raia wa Uingereza waliozaliwa na kukulia huko, ambao ngazi za chini zilikuwa zimesema wanaweza tu kumfuata mama yao Tanzania.

Kama unaishi Kizota, Dodoma, na una ndugu aliyeomba hifadhi Uingereza kisha akaandikiwa kwamba hatakiwi kubaki, mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako. Aliyekataliwa hapati ruhusa kwa kurudia maneno yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Anaipata kwa sababu mpya, au kwa sababu ileile iliyopata ushahidi mpya, na sehemu kubwa ya ushahidi huo haiko London wala Birmingham. Iko kwenye faili la zahanati, kwenye daftari la serikali ya mtaa na kwenye kumbukumbu za shangazi aliyeona mambo kwa macho yake.

Yanayoelezwa hapa ni sheria kwa ujumla wake. Novemba 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kuubadilisha sana mfumo wake wa hifadhi na rufaa. Kwa hiyo kila muda na kila ada utakayoisoma hapa, ndugu yako aihakikishe kwanza kwa wakili.

Anza na tarehe ya barua

Simu ikiingia, na upande wa pili kuna mtu anayelia, swali la kwanza liwe hili: barua imeandikwa tarehe ngapi? Mwombaji aliye ndani ya Uingereza huwa na siku 14 tangu uamuzi ulipotumwa kukata rufaa kwenye baraza la uhamiaji la ngazi ya kwanza. Siku hizo haziongezeki zenyewe kwa sababu ya msiba, sikukuu au aibu ya kuwaambia wazazi. Aliyechelewa anaweza kuomba apokelewe nje ya muda, lakini atalazimika kueleza sababu, na sababu yenyewe iwe na ushahidi.

Mwambie apige picha kurasa zote za barua na kukutumia. Zisomwe zote. Barua ya kukataliwa huorodhesha kitu kimoja kimoja ambacho wizara haikukiamini: tarehe iliyogongana na nyingine, kadi ya chama isiyokuwepo, kovu lisilo na maelezo ya daktari. Orodha hiyo ndiyo itakayokuambia nini kitafutwe nyumbani.

Angalia pia kama barua inasema ombi halina msingi wowote. Kwa ombi la namna hiyo, haki ya kukata rufaa inaweza kuondolewa. Sheria ya Uingereza inazo nchi inazozichukulia kuwa salama kwa ujumla, na Kenya imo kwa upande wa wanaume. Tanzania haimo, ila hata ombi la Mtanzania linaweza kupigwa muhuri huo likionekana halina kitu.

Akishindwa ngazi ya kwanza, anaweza kuomba ruhusa ya kwenda ngazi ya juu ya baraza hilo, tena ndani ya siku 14, lakini hapo ni kwa kosa la kisheria tu. Haitoshi kusema jaji hakumwamini. Ni lazima kuonyesha kwamba jaji aliacha ushahidi fulani, au alitumia kipimo kisicho sahihi. Mapitio ya mahakama, pale yanaporuhusiwa, lazima yaombwe upesi na kwa vyovyote ndani ya miezi 3. Mtu aliyezimaliza ngazi hizi zote huitwa aliyemaliza haki za rufaa, na hapo ndipo wengi hudhani mambo yamekwisha.

Maelezo mapya

Kanuni za uhamiaji za Uingereza zina aya inayojulikana sana na mawakili, aya ya 353. Inasema kwamba aliyekwisha kukataliwa anaweza kuwasilisha maelezo zaidi. Wizara ikiyakataa, itajiuliza mambo mawili. Je, haya ni mambo ambayo hayajawahi kupimwa? Na je, yakiwekwa pamoja na yale ya zamani, yanaleta uwezekano wa kweli wa kushinda? Majibu yote mawili yakiwa ndiyo, maelezo hayo huhesabiwa kuwa ombi jipya, na kukataliwa kwake huleta haki mpya ya rufaa. Hii ndiyo njia iliyompeleka ZH hadi juu. Jibu la swali lolote likiwa hapana, kinachobaki ni mapitio ya mahakama peke yake.

Kizingiti cha swali la pili kilielezwa mwaka 2006 na Mahakama ya Rufaa katika shauri la mtu kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, linalojulikana kama WM. Mahakama ilisema wizara haipaswi kujiuliza kama yenyewe imeridhika. Inapaswa kujiuliza kama jaji mwingine, akiuangalia ushahidi huo kwa uangalifu mkubwa, anaweza kufikia uamuzi wa kumkubali mwombaji. Kizingiti hicho si cha juu sana, na mtu mwenye karatasi nzuri anaweza kukivuka.

Kuwasilisha maelezo zaidi hakulipiwi ada. Kwa miaka kadhaa waombaji walilazimika kwenda wenyewe hadi Liverpool kuyakabidhi, na utaratibu ukaja kubadilika wakati wa janga la korona, hivyo ndugu yako atazame maelekezo ya sasa kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza. Asitume nusu. Maelezo mapya yanayotumwa vipande vipande hukataliwa vipande vipande, na kila kukataliwa huongeza uzito wa barua inayofuata.

Kazi ya watu wa Kizota

Hali ya nchi ikibadilika, hilo laweza kuwa jambo jipya. Aprili 2025 mwenyekiti wa CHADEMA, Tundu Lissu, alishtakiwa kwa uhaini. Uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 ulifuatiwa na vurugu, amri ya kutotoka nje usiku Dar es Salaam na kukatwa kwa intaneti. Mwanachama wa upinzani aliyekataliwa mwaka 2022 ana haki ya kusema kwamba jaji wake hakuyaona haya. Lakini habari za nchi peke yake hazimbebi mtu. Lazima ziungane na yeye: kadi yake ya chama, barua ya tawi inayoeleza alifanya nini na mwaka gani, wito wa polisi wenye jina lake, hati ya mashtaka, au nakala ya mwenendo wa shauri iliyogongwa muhuri na mahakama yenyewe.

Suala jingine linaigusa Dodoma kwa karibu zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta wanawake 47 katika kila 100 wa mkoa huu wamekeketwa, kiwango kilichozidiwa na Manyara pekee. Mwaka 2006 mahakama ya juu ya Uingereza ya wakati huo, katika shauri la msichana kutoka Sierra Leone, ilikubali kwamba hofu ya kukeketwa inaweza kumfanya mtu awe mkimbizi. Mama kutoka Bahi au Chamwino aliyenyimwa hifadhi kwa sababu nyingine, kisha akazaa binti huko Ulaya, anaweza kuwa na hoja ambayo haikuwepo alipohojiwa mara ya kwanza.

Majibu ya wizara yanajulikana mapema, na lazima yajibiwe mapema. Watasema Tanzania ilifanya ukeketaji wa wasichana wa chini ya miaka 18 kuwa jinai tangu 1998, kwa hiyo polisi watamlinda. Watauliza kwa nini mama asihamie Mbeya au Mtwara. Hapo ndipo hati ya kiapo ya shangazi mwenyewe aliyekeketwa, inayoeleza nani katika ukoo huamua, nani alikwenda kuripoti na akajibiwa nini, na kwa nini ukoo ungemfuata hata mkoa mwingine, inazidi kurasa hamsini za ripoti za jumla.

Vitu vinavyoweza kutafutwa ukiwa Dodoma ni vingi kuliko watu wanavyodhani.

Cheti cha kuzaliwa hutolewa kupitia RITA, na ofisi ya mkuu wa wilaya ndiko shughuli za usajili wa vizazi zinakofanyika. Kinathibitisha jina, umri na wazazi, na kwa mtu ambaye utambulisho wake unatiliwa shaka hicho ndicho cha kwanza.

Barua ya serikali ya mtaa inathibitisha kwamba mtu alikaa hapo na familia yake inafahamika. Mwombe mwenyekiti au mtendaji aandike anayoyajua mwenyewe, kwa tarehe, na aweke namba ya simu inayopokelewa. Barua inayosema "tunaomba asaidiwe" haimsaidii. Inayosema "mwaka 2019 nyumba hii ilivamiwa na mimi nilifika asubuhi yake" inamsaidia sana.

Kwa majeraha, tafuta fomu ya PF3 na faili la hospitali. Kama ndugu alitibiwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Mirembe kwa matatizo ya akili, omba barua ya daktari inayotaja namba ya faili, tarehe za kulazwa na ugonjwa. Hospitali haitakupa siri za mgonjwa kwa mdomo tu, kwa hiyo ndugu yako aandike kwanza barua ya kukuruhusu, aisaini, na aiambatanishe na nakala ya kitambulisho chake.

Mashahidi waape mbele ya kamishna wa viapo. Kila mmoja aeleze anamfahamuje mhusika, aliona nini mwenyewe na alisikia nini kwa wengine, bila kuchanganya mawili hayo. Aambatanishe nakala ya kitambulisho cha NIDA. Viapo vitano vyenye maneno yaleyale vitaonekana vimeandikwa na mkono mmoja, na ndivyo vitakavyotupwa.

Nyaraka za Kiswahili zitafsiriwe. Tafsiri iwe na tamko kwamba ni sahihi, tarehe, jina kamili la mfasiri, saini na mawasiliano yake. BAKITA hufanya kazi hii na muhuri wake unaeleweka. Tuma picha kwanza ili wakili aone, kisha nakala halisi kwa EMS au kampuni ya vifurushi, na mwambie ndugu yako asitupe bahasha, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha mzigo ulitoka wapi na lini.

Lakini usijitie hatarini. Kama anayemwogopa ni polisi wa kituo fulani, usiende kituo hicho kuomba karatasi zake. Muulize wakili kwanza kama ushahidi huo unahitajika kweli na kama kuna njia nyingine ya kuupata.

Watoto

Baada ya shauri la ZH, maslahi ya mtoto ni jambo la msingi ambalo afisa na jaji lazima walipime mapema, si la kutajwa mwishoni kwa heshima. Lady Hale, aliyeandika hukumu kuu, alisisitiza pia kwamba mtoto asibebeshwe makosa ya mzazi wake.

Hilo halina maana kwamba kila mwenye mtoto atabaki. Mwaka 2013 mahakama hiyohiyo ilikataa rufaa ya familia kutoka Congo-Brazzaville iliyokuwa Scotland, wazazi wakiwa wamenyimwa hifadhi na watoto watatu wakiwa wadogo na si raia wa Uingereza. Majaji walisema maslahi ya watoto yana uzito mkubwa, lakini hayashindi kila kitu.

Tofauti ya mashauri hayo mawili ndiyo ya kuzingatia. Sheria ya Uingereza inamwangalia kwa namna ya pekee mtoto ambaye ni raia, au aliyeishi huko mfululizo kwa miaka 7 au zaidi. Kwa mtoto wa aina hiyo swali huwa: je, ni haki kumtarajia aondoke? Ushahidi wake uko huko aliko: barua ya mwalimu, ripoti za shule, kadi za kliniki, maelezo ya mchungaji au sheikh anayemfundisha. Kazi ya Kizota ni kusema ukweli wa upande huu. Kama bibi ana chumba kimoja na anaugua, kiapo chake kiseme hivyo. Kama mtoto hajui Kiswahili wala Kigogo na hajawahi kumwona babu yake, hilo nalo liandikwe.

Mzazi asiyeishi na mtoto aonyeshe malezi yake kwa vitendo: risiti, ujumbe wa simu, siku za kumchukua shuleni. Kuwa na jina kwenye cheti cha kuzaliwa bila malezi hakumfikishi mbali.

Ndoa, miaka na maradhi

Aliyeoa au kuolewa na raia au mkazi halali anaweza kuomba kwa msingi wa maisha ya familia, lakini sheria inaelekeza majaji kutoa uzito mdogo kwa uhusiano ulioanza wakati mtu hana kibali. Itabidi aeleze vikwazo vizito vya wote wawili kuishi Tanzania, na "mume wangu hapendi joto" si kikwazo. Maradhi ya mwenzi, watoto wa ndoa ya awali au hatari ya kweli kwa mmoja wao ni mambo yanayosikilizwa.

Ipo pia njia ya maisha binafsi. Aliyeishi Uingereza miaka 20 mfululizo, hata bila kibali, anaweza kuomba. Kijana wa miaka 18 hadi 24 aliyemaliza nusu ya umri wake huko naye anaweza. Miaka hiyo lazima ithibitishwe mwaka kwa mwaka, na ndiyo maana bahasha za zamani, kadi za daktari na barua za kuripoti ni mali. Anayefaulu kwa njia hizi hupewa kwa kawaida miezi 30, kisha huomba tena, na safari ya kufika kwenye ukaazi wa kudumu huchukua miaka mingi.

Kuhusu maradhi, lipo shauri la N, mwanamke wa Uganda mwenye virusi vya UKIMWI ambaye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikataa ombi lake mwaka 2008. Tangu wakati huo mlango umepanuka kidogo: mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la mtu kutoka Zimbabwe, ilikubali kwamba mgonjwa anaweza kubaki kama kukosa matibabu kutaidhoofisha afya yake vibaya, kwa haraka na bila kurekebishika, hadi mateso makali au kufupishwa sana kwa maisha. Kwa mwenye VVU anayetoka Tanzania hoja bado ni ngumu, kwa kuwa dawa za kupunguza makali hutolewa bure nchini. Wenye maradhi ya figo, saratani au ugonjwa mzito wa akili wanahitaji barua ya daktari wa huko inayotaja dawa kwa jina, na barua ya hospitali ya huku inayosema kama dawa hiyo inapatikana, wapi, na kwa gharama gani.

Jina la kweli

Miaka ya nyuma vijana wa Kitanzania walipofika Ulaya waliambizana namna ya "kujilipua", yaani kuomba hifadhi ya ukimbizi, na wapo walioshauriwa wabadilishe nchi na jina. Wanaolipa gharama ya ushauri huo ni wao na watoto wao. ZH alinyimwa mwaka 2004 nafasi iliyokuwepo kwa familia, kwa sababu ya majina yake ya uongo.

Wizara ina njia zake za kuchunguza. Waombaji waliojitambulisha kama Wabajuni au Wabenadiri wa Somalia wamerekodiwa sauti zao na kuchambuliwa lugha na kampuni ya Uswidi, Sprakab, kuona kama wanazungumza kama watu wa huko au wa Kenya. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu, katika mashauri yaliyotoka Scotland, iliwataka majaji wawe waangalifu na ripoti hizo na wasizikubali bila kupima ujuzi wa mchambuzi. Uamuzi huo uliwalinda waliosema kweli. Haukumsafisha aliyesema uongo.

Kama ndugu yako alitumia jina lisilo lake, amweleze wakili leo. Kukiri mwenyewe kunapunguza madhara, na ndiko kunakokuwezesha wewe kutuma cheti cha kuzaliwa chenye jina lake halisi. Na usikubali kamwe kutafuta karatasi ya kugushi, awe anakuomba mdogo wako au mama mzazi. Mabaraza ya Uingereza huipima kila karatasi pamoja na nyingine zote, na moja ikibainika ni ya uongo, nzuri tisa zinapoteza imani.

Wakili, si kishoka

Kutoa ushauri wa uhamiaji kwa malipo bila kusajiliwa ni kosa la jinai Uingereza. Mshauri awe wakili anayetambuliwa na chombo cha taaluma yake, au aliyesajiliwa na mamlaka ya ushauri wa uhamiaji, ambayo tangu Januari 2025 inaitwa Immigration Advice Authority. Orodha iko wazi mtandaoni, na hata wewe ukiwa Kizota unaweza kutafuta jina kabla ya kutuma senti ya ng'ombe uliyemuuza. Vishoka wa Kiswahili wapo London kama walivyo hapa, na wengi hujipenyeza kwa salamu na ukoo.

Kwa masuala ya hifadhi, England na Wales wana msaada wa kisheria unaolipiwa na serikali kwa asiye na uwezo. Masuala ya maisha ya familia yaliondolewa kwenye msaada huo Aprili 2013, ila mtu anaweza kuomba fedha za kesi za kipekee. Maombi ya familia na maisha binafsi yana ada, na juu yake kuna tozo ya afya ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, yaani pauni 2,587.50 kwa miezi 30. Asiyemudu anaweza kuomba asamehewe, kwa kuonyesha taarifa za benki na nani anamlisha. Ukimtumia pesa kutoka huku, mwandikie barua inayosema kiasi na mara ngapi, maana kila shilingi inayoingia itaulizwa.

Wakati wa kusubiri

Aendelee kuripoti kila anapoitwa, kwa sababu kukosa kuripoti hutumiwa dhidi yake na kunaweza kumpeleka kizuizini. Asifanye kazi bila ruhusa. Ni kosa, na ajira ya kificho haimjengei hoja. Asiye na pa kulala, ambaye ana maelezo mapya yanayosubiri jibu au hawezi kusafiri kwa ugonjwa, anaweza kuomba msaada wa makazi chini ya kifungu cha 4 cha Sheria ya Uhamiaji na Hifadhi ya Uingereza ya 1999. Ukimpigia, kumbuka London iko nyuma yetu kwa saa 3 wakati wa baridi na 2 wakati wa joto, na ofisi ya wakili wake haifunguliwi Kizota inapokunywa chai ya asubuhi.

Aliyekataliwa hapa Tanzania

Huenda aliyenyimwa hifadhi ni jirani yako, Mrundi au Mkongomani aliyepanga chumba nyuma ya maghala ya Kizota. Kwake sheria ni nyingine: Sheria ya Wakimbizi ya 1998. Inamtaka anayekimbilia nchini ajitambulishe ndani ya siku 7, na inaweka wakimbizi katika maeneo maalumu, kama Nyarugusu mkoani Kigoma. Kuishi nje ya maeneo hayo bila kibali kunamweka yeye matatani, na mwenye nyumba pia.

Akikataliwa, ombi la mapitio huenda kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na muda ni mfupi mno. Asipitishe siku 7 kabla ya kuandika. Ofisi ya wizara iko hapa hapa Dodoma, jambo ambalo wenzake walioko Kasulu hawana. Kambi ya Mtabila ilipofungwa mwaka 2012, Warundi zaidi ya 30,000 walirejeshwa kwao, lakini takriban 2,700 walikubaliwa kubaki na kuhamishiwa Nyarugusu baada ya kuhojiwa mmoja mmoja. Waliobaki ni wale ambao mahojiano yao binafsi yalionyesha kwamba bado walihitaji ulinzi. Kwa hiyo jirani yako aandike yake mwenyewe, kwa tarehe na majina ya mahali, na akipata mtu wa kumsaidia kisheria aende naye.

Ikishindikana kabisa

Wapo watakaorudi, na nyumba iwe tayari kuwapokea bila kuwauliza walileta nini. Anayeondoka mwenyewe kwa nauli yake kwa kawaida hufungiwa kuomba tena viza kwa mwaka 1. Anayeondolewa kwa nguvu anaweza kufungiwa hadi miaka 10. Ipo huduma ya serikali ya Uingereza ya kurudi kwa hiari, na ajiunge nayo baada ya kuzungumza na wakili, kwa kuwa nauli inayolipwa na serikali nayo ina muda wake wa kufungiwa.

Kabla hajapanda ndege akusanye vyeti vya shule na mafunzo, kumbukumbu za hospitali, hukumu zote na barua zote za wizara, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto waliozaliwa huko. Azipige picha na kukutumia. Kila fomu ya viza atakayoijaza baadaye, iwe ya Uingereza au ya nchi nyingine, itamuuliza kama aliwahi kukataliwa, lini na kwa nini, na majibu yake yatalinganishwa na karatasi hizo.